Mafuta, sabuni na singo ya nyumbani: tengeneza mwenyewe ila ogopa maji

Mara ya kwanza kutengeneza kitu cha kupaka usoni nilichuma mshubiri (aloe vera) wa uani, nikaukwangua, nikausaga kwenye blenda na marashi ya waridi kidogo na kijiko kimoja cha asali, nikamimina kwenye chupa nzuri ya glasi ina pampu kabisa, nikampelekea binamu yangu aliyekuwa anajiandaa na harusi. Siku ya sita akanipigia, dada hivi hiki kitu ndio kinavyotakiwa kunuka? Nimefika kwake naangalia, juu kunaelea kitu kama pamba. Ukungu. Na yeye alikuwa anapaka kila usiku! Akatoka vipele shavu zima la kushoto, bahati harusi ilikuwa bado wiki tatu.

Kwaiyo kabla sijakupa kipimo chochote shika hili moja, maji ndio yanaharibu. Kitu chochote chenye maji ndani yake, yawe ya bomba, ya waridi, ya tango, tui, maziwa, huo ute wa mshubiri, bakteria na kuvu wanazaliana humo hata kama wewe kwa macho huoni kitu, maana ukungu ukionekana ujue umeshakaa siku kadhaa. Viwandani wanatia dawa ya kuzuia hao wadudu, sisi hatuna, na wale wanaokwambia tia vitamini E kitadumu wanachanganya mambo, vitamini E inasaidia mafuta yasitoe ile harufu ya mafuta ya zamani, bakteria haiwafanyi lolote. Mimi siku hizi nimegawa vitu vyangu hivi: visivyo na maji natengeneza vingi naweka kabatini, vyenye maji natengeneza vya kutumia leo leo, kikibaki namwaga. Sabuni nayo ina habari yake ntaisema mwishoni.

Na jambo jingine nilimalize hapa hapa, nikisema kuchanganya sina maana ya mkorogo. Vitu vya kuchubua rangi vyenye zebaki na haidrokwinoni vimepigwa marufuku Tanzania na Kenya kwa sababu zake, zebaki inaharibu figo, na mtu akiniuliza niongeze nini kwenye mafuta ili "ing'arishe" huwa najifanya sijasikia.

Tuanze na mafuta ya nazi maana ndio mama wa vyote. Tafuta nazi zilizokomaa, kavu, ukiitikisa unasikia maji yanacheza ndani, na uangalie yale macho yake matatu yasiwe na unyevu wala ukungu. Mimi kwa nazi kumi kubwa napata nusu lita na kidogo, mwenzangu anapata zaidi sijui anakamuaje. Kuna nazi kwa mbuzi, kama huna mbuzi katakata vipande vidogo usage kwenye blenda, mimina maji ya uvuguvugu kidogo sana, kamua kwa kitambaa safi mpaka mikono iume. Rudia mara ya pili na maji kidogo tena. Hilo tui liweke kwenye chombo chenye mfuniko ulitie friji usiku mzima, asubuhi utakuta juu limeganda kama kifuniko cheupe na chini yamebaki maji meupe meupe, basi chukua kile kigando tu. Watu wengi wanabandika tui lote jikoni na maji yake, utakaa hapo saa tatu gesi inaisha unalaumu nazi.

Kile kigando tia kwenye sufuria nzito, moto mdogo, koroga. Mwanzo kitayeyuka kiwe kama maziwa, baadae kinakatika katika vibonge, alafu mafuta yanaanza kujitokeza pembeni. Hapa ndio pa kutumia masikio. Bibi yangu kule Pangani alikuwa hachungulii sufuria kabisa, anapepeta mchele wake huko akisikia tu mlio umebadilika anasema epua. Mwanzoni inatoa mlio wa kutatarika kwa sababu maji yaliyobaki yanaruka, mlio ukipungua ukawa karibu kimya ujue maji yameisha, na muda huo zile chembe za chini zinakuwa rangi ya dhahabu. Epua hapo hapo! Ukisubiri ziwe nyeusi mafuta yatanuka moshi na hiyo harufu haitoki hata ufanye nini.

Acha yapoe kidogo, chuja kwa kitambaa KIKAVU, na usifunike yakiwa ya moto maana mvuke utadondoka tena humo humo ukawa umejirudishia maji uliyohangaika kuyatoa. Chupa ya kuwekea ioshwe jana yake ikaushwe juani imepinduliwa. Alafu kuna ka ujanja, usiyamimine moja kwa moja kwenye chupa ya mwisho, yaache kwanza usiku mmoja kwenye chupa ya glasi nyeupe uone chini, kama kuna matone ya maji yatajikusanya huko, unamimina ya juu taratibu ya chini unayaacha. Yakiwa hayana maji yanakaa miezi sita mpaka mwaka kabatini bila tatizo. Yale yenye maji baada ya wiki chache yanaanza kunuka uchachu, nadhani wengi mnaijua hiyo harufu.

Mafuta ya nazi yanaganda joto likishuka chini ya nyuzi 24 hivi. Nasema hivi kwa sababu kuna shangazi yangu yuko Njombe nilimtumia chupa akanipigia kwa hasira kwamba nimemchanganyia na mafuta ya mgando. Shangazi huko kwenu baridi! Dar mara nyingi hayagandi labda uyatie friji, Njombe yanaamka jiwe, ni yale yale. Na kama una ngozi ya chunusi usiyapake usoni, yanaziba vinyweleo, paka mwilini na kwenye nywele, uso utafutie kitu chepesi kama mafuta ya alizeti au ya ubuyu.

Ukishakuwa na mafuta, balm ya midomo na visigino ni kazi ya dakika ishirini. Nta ya nyuki gramu 20, mafuta ya nazi gramu 50, siagi ya shea gramu 30. Nta ukipata ya Tabora ina harufu ya asali nzuri sana, ila iyeyushe kwanza peke yake uichuje kwa kitambaa cha zamani maana inakuwa na miguu ya nyuki na takataka. Shea nachukua ya kaskazini mwa Uganda, ile ya kule ni laini kuliko ya Afrika Magharibi. Weka vyote kwenye bakuli, bakuli juu ya sufuria ya maji yanayochemka, usiweke nta moja kwa moja motoni inashika moto kama mafuta ya taa. Nta inayeyuka kwenye nyuzi 62 mpaka 64, kwaiyo wewe subiri tu, ikiyeyuka yote dondosha tone kwenye sahani ya baridi, subiri dakika moja uguse. Ni laini mno? Ongeza nta kidogo. Ngumu? Ongeza mafuta. Mimi kwa joto la Dar mwezi wa pili natia nta mpaka 25 maana ikikaa kwenye mkoba inakuwa supu. Mimina kwenye vikopo ikiwa bado ya moto, na bakuli lifute na karatasi kabla hujaliosha, ukimwaga nta kwenye sinki utaita fundi bomba.

Skrabu ya sukari hiyo wala sio ya kuandikia. Sukari vikombe viwili, mafuta kikombe kimoja, koroga. Ila ichote kwa kijiko kikavu, usiingize mkono uliolowa bafuni, kwa sababu nimeshasema sababu. Iwe ya mwilini, usoni chembe za sukari zinakwaruza, na sakafu ya bafu itateleza kwaiyo mwaga maji ya moto na sabuni ukimaliza kabla mtu hajaingia akavunjika kiuno.

Sasa makwapa. Watu wa pwani tunatumia shabu tangu enzi, lile jiwe jeupe linalong'aa kama barafu, sokoni unalipata kwa wauza dawa za asili na viungo kwa hela ndogo sana na jiwe moja linakaa zaidi ya mwaka. Ukitoka kuoga kwapa likiwa bado na unyevu unalipitisha mara tano sita, unaacha linakauka. Halizuii jasho kama zile za dukani, linachofanya ni kuwapunguza wale bakteria wanaokula jasho na kutoa harufu, kwaiyo utatoka jasho ila hutanuka. Suuza jiwe, likaushe, usiliache kwenye maji litayeyuka. Kuna watu mtandaoni wanauza shabu kwa kusema haina alumini, uongo mtupu, shabu yenyewe ni chumvi ya alumini. Kama unaikwepa alumini basi shabu siyo yako. Ila nasisitiza usipake bekingi soda kama wanavyofundisha, mimi nilipaka wiki mbili kwapa likawa jekundu na kuwasha mpaka nikashindwa kushusha mkono. Ngozi yetu ina uchachu kidogo, iko kwenye pH 5 hivi, bekingi soda iko juu ya 8, sasa unapaka kila siku unategemea nini.

Hapo hapo nimalizane na ndimu. Ndimu na limau usoni hapana, hasa ukitoka nje baadae, juisi yake ikipigwa na jua inaunguza ngozi na kuacha madoa meusi ya miezi, na wewe ulikuwa unatoa madoa. Mbarika pia, mafuta yake nunua yaliyokamuliwa tayari usijaribu kusaga mbegu nyumbani, mbegu zina sumu kali. Na mafuta ya jua usitengeneze, hata kidogo, huwezi kupima nyumbani kama yanazuia jua kweli, mafuta ya nazi peke yake hayazuii kitu cha maana. Kama nyumbani kuna mtu mwenye ualbino hili sio la mchezo kabisa, kuna losheni inaitwa Kilisun inatengenezwa Moshi, ilianzia pale hospitali ya KCMC, kwa ajili yao hasa, ulizia kliniki ya ngozi.

Vya maji sasa, yaani vya leo leo, na hapa ndio pana raha yake. Singo, ule unga wa maua wa kumsugua bibi harusi! Kama umewahi kukaa na bibi harusi wa Unguja au Tanga unajua, somo wake, yaani yule mama anayemfunda, anamsugua siku kadhaa mpaka nyumba nzima inanukia. Kila somo ana yake na hawapendi kusema wametia nini, mimi niliokota kwa kuangalia. Chukua maua ya waridi na asmini yaliyokaushwa kivulini, rehani, langilangi ukipata, yatwange kwenye kinu mpaka yawe unga wa kukwaruza kidogo, ongeza liwa (msandali) ya unga na manjano nusu kijiko, karafuu tatu nne tu zilizotwangwa, tatu nne nasema, karafuu ni kali kuna watu inawachoma ngozi. Huu unga mkavu unakaa kwenye kopo miezi. Siku ya kusugua ndio unachota kiasi chako unalowesha na marashi mpaka ishikane kama unga wa chapati laini, unasugua mwili mzima ikianza kukauka inadondoka yenyewe na nongo zote. Vaa kanga ya zamani, manjano hayatoki.

Liwa yenyewe ya kupaka usoni ni kusugua kigogo juu ya jiwe na matone ya marashi, unazungusha zungusha mpaka upate ule ujiuji, unapaka, unakaa nao nusu saa. Ila nunua kwa kuangalia, msandali wa kwetu umekatwa hovyo mpaka Kenya wakapiga marufuku kuuvuna mwaka 2007, mtu akikupa gunia zima kwa bei ya kutupa jiulize limetoka wapi.

Na mshubiri ulionivunjia heshima? Bado natumia. Kata jani, lisimamishe kwenye glasi robo saa, yatatoka maji ya njano, yale ndio yanayowasha, yamwage. Menya, chukua ute, paka, basi. Uliobaki kwenye jani ufunge uweke friji siku mbili tatu mwisho. Chochote kipya jaribu kwanza ndani ya kiwiko usubiri siku nzima, "asili" haimaanishi hupati aleji, hata upupu ni wa asili.

Haya, sabuni. Hii sitaki uifanye na watoto wanazunguka jikoni. Unahitaji mizani ya kidigitali inayosoma gramu, glavu, miwani, nguo ya mikono mirefu, dirisha wazi na kostiki soda. Kostiki, sio yale magadi ya kulainishia maharage wala bekingi soda. Na sufuria isiwe ya alumini, ambazo ndio tunazo karibu wote, kostiki inaila alumini na kutoa gesi inayoshika moto. Mimi nilitumia sufuria ya wifi yangu bila kujua, ikafoka povu jeusi mpaka nikakimbilia nje, sufuria ikatoboka na mpaka leo nadaiwa. Tumia stenlesi au ndoo ngumu ya plastiki inayohimili moto.

Kila mafuta yanakula kostiki kwa kiasi chake. Gramu moja ya mafuta ya nazi inakula kostiki gramu 0.183, mawese 0.142, alizeti 0.135. Mimi napenda nazi gramu 300 kwa ajili ya povu, mawese ya Kigoma gramu 300 kwa ugumu na rangi ya chungwa, alizeti ya Singida gramu 400 kwa ulaini. Ukizidisha unapata 54.9, na 42.6, na 54, jumla 151.5. Sasa unapunguza asilimia 5 ili yabaki mafuta kidogo yasiyoliwa yasikaushe ngozi, inabaki gramu 144. Maji gramu 290. Pima yote kwa mizani, hata maji, mambo ya kijiko na kikombe hapa ndio watu wanapoungua. Ukibadilisha mafuta piga hesabu upya.

Soda, yaani hiyo kostiki, inaingia kwenye maji, maji hayaingii kwenye soda. Soma tena. Ukimwagia maji juu ya soda inalipuka kukurukia usoni. Unanyunyiza soda kidogo kidogo kwenye maji ya baridi unakoroga, itapanda joto ichemke kama uji na kutoa mvuke, geuza uso usiuvute. Ikikurukia ngozini suuza na maji mengi yanayotiririka dakika kumi na tano, achana na habari ya siki.

Iache ipoe, na mafuta yayeyushe yapoe, vyote viwe vuguvugu ukigusa chombo kwa nje. Mimina soda kwenye mafuta, koroga. Kwa mwiko inaweza kufika saa nzima, kwa blenda ya mkono dakika tatu mpaka tano, unatafuta iwe kama uji wa lishe, ukiinua mwiko yale yanayodondoka yanaacha mstari juu kabla ya kuzama. Hapo ndio unatia vikorombwezo. Mimi natia kijiko cha mwani mkavu uliosagwa, wakina mama wa Paje wanaolima mwani tangu 1989 wameshatuonyesha kwamba sio wa kusafirisha nje tu. Mafuta ya karafuu kuwa mwangalifu yanaigandisha ghafla ukiwa bado hujamimina. Mimina kwenye boksi ulilotandika nailoni, funika na taulo, siku inayofuata kata ukiwa na glavu bado.

Kuna mtu ataniuliza vipi nazi tupu. Inawezekana, na ina maajabu yake, inatoa povu hata kwenye maji ya chumvi, kwa wenzangu wa visima vya Dar hiyo ni neema. Ila inakausha sana kwaiyo badala ya kupunguza asilimia 5 ya kostiki punguza 20. Na ukianza kufikiria kuuza, vipodozi viko chini ya TBS, shirika la viwango, tangu 2019, anzia SIDO, wale wa viwanda vidogo, wakuelekeze.

Vipande vipange juu ya chekecheke kivulini vipate hewa wiki nne mpaka sita, na ukiwa pwani hesabu sita maana hewa yenyewe imelowa. Muda wote huo maji yanatoka taratibu na sabuni inakuwa ngumu na laini kwa ngozi. Mimi nachagua kipande kimoja nakiandika tarehe kwa kijiti, kila Jumapili nakipima, wiki ya kwanza kinapungua sana, ya pili kidogo, wiki mbili zikipita hakijashuka hata gramu ndio nabeba naingia nacho bafuni.